Alirudi nyumbani kuaga, akaondoka bila kusema: uzi wa Jean-Luc Lagarce

MwalimuWaZamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heri ya usiku. Huu uzi nimeuweka kiporo muda mrefu. Leo umeme umerudi mapema na sina madaftari ya kusahihisha, acha niushushe.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, sekondari, mkoa siutaji. Miaka kadhaa nyuma nilipata kozi fupi ya walimu kule Besançon, mashariki ya Ufaransa, si mbali na mpaka wa Uswisi. Mto Doubs unauzunguka mji wa kale karibu wote, umebakiza shingo tu, na juu ya hiyo shingo kuna ngome. Wenyeji wakikutembeza watakuambia Victor Hugo alizaliwa hapa mwaka 1802, kisha watahamia kwenye habari za mafundi saa. Lagarce hakuna aliyenitajia. Nilimkuta mwenyewe siku ya mvua, nimejibanza kwenye duka la vitabu, mwavuli sina. Kitabu chembamba, jalada la buluu, *Juste la fin du monde*. Mimi nakiita *Mwisho wa Dunia Tu*, na hilo "tu" ndilo lililonifanya nikichukue. Mtu gani anaandika "mwisho wa dunia" halafu anaweka "tu"?

Nikafungua dibaji nikiwa nimesimama. Sentensi haikwisha. Nikageuza ukurasa, bado. Dibaji nzima ni sentensi moja. Mtu anasema kwamba atakufa, kwamba ameamua kurudi kwao baada ya miaka mingi awaambie kwa mdomo wake mwenyewe, na kila akikaribia kulitamka anarudi nyuma kidogo, anasahihisha neno, anaanza tena. Mvua ilikatika mimi bado nipo pale.

Sasa mwenyewe. Jean-Luc Lagarce, mwandishi wa tamthilia na mwongozaji wa maigizo. Alizaliwa tarehe 14 Februari 1957 mji wa Héricourt, akakulia Valentigney, jirani na Montbéliard. Hilo eneo ni Peugeot tupu, na wazazi wake wote wawili walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha Peugeot. Nyumba ya wafanyakazi, Jumapili, chakula cha mchana, gari linaoshwa. Mkishika hiyo picha mmeshika nusu ya tamthilia zake. Tena ni eneo lenye Walutheri wengi, kwa hiyo habari ya mwana mpotevu wa Luka 15 siyo mgeni kwao. Kwa Lagarce mwana anarudi kweli, ila hakuna ndama anayechinjwa, na mwana mwenyewe hasemi kilichomrudisha.

Nakuja na sehemu ya pili. Nichemshe chai.

MwishoWaReli

Nimevuta mkeka. Endelea mwalimu.

ShikamooJazba

Mwalimu bila kukuvunjia heshima, sisi Mfaransa wa Peugeot anatuhusu nini? Tuna Ebrahim Hussein, tuna Penina Muhando, vitabu vyao vinaliwa na mchwa maktaba, wewe unatuletea mtu ambaye hata jina lake siwezi kulitamka.

MwalimuWaZamu

Lagars. Hiyo "e" ya mwisho imeze. Mengine ngoja nimalize, halafu unipige.

Sehemu ya pili. Mwaka 1975 hivi anahamia Besançon kusoma falsafa chuo kikuu, huku akihudhuria shule ya uigizaji ya mji. Na wenzake wa pale, mmoja wao mwanadada Mireille Herbstmeyer ambaye aliigiza naye mpaka mwisho, wanaanzisha kikundi chao. Kwanza wa ridhaa, baadaye wakafanya kuwa kazi. Wakakiita *La Roulotte*, lile gari-nyumba wanalohama nalo watu wa sarakasi. Jina walilichukua kwa heshima ya Jean Vilar, yule aliyeanzisha tamasha la Avignon mwaka 1947, maana ujanani Vilar alizunguka vijijini na kikundi chenye jina hilohilo.

Lagarce alikuwa na kazi mbili ndani ya mwili mmoja. Usiku anaandika michezo yake. Mchana ni mwongozaji na mkuu wa kikundi: anatafuta kumbi, anahesabu tikiti za treni, anajaza fomu za ruzuku. Na enzi za uhai wake watu walimjua zaidi kwa hiyo ya mchana. Mwaka 1991 aliongoza *La Cantatrice chauve* ya Ionesco, kile kichekesho cha watu wanaoongea sana bila kusema kitu. Akaweka jukwaani majani ya kijani kibichi na uso wa nyumba nyeupe, kama mchezo wa televisheni wa Kimarekani wa kuchekesha familia baada ya chakula cha usiku. Watu wakajaa. Mwaka 2006, miaka 11 baada ya kufa kwake, rafiki yake François Berreur aliusimamisha tena mchezo uleule, nyumba ileile.

Mwaka 1993 akaongoza *Le Malade imaginaire*, Mgonjwa wa Kudhani. Hapa tulieni. Huo ni mchezo wa mwisho wa Molière. Molière mwenyewe alikuwa mwandishi, mwongozaji na mkuu wa kikundi, na Februari 1673 alikuwa akiigiza mtu mzima wa afya anayejidhania mgonjwa, huku kifua kinamsumbua kweli. Onyesho la nne likawa la mwisho, alikufa usiku uleule. Lagarce alipouongoza alikuwa anajua miaka mitano tayari kwamba ana virusi vya UKIMWI.

BintiPangani

Duh.

Molière tunaye kwa Kiswahili, jamani. *Mnafiki*, tafsiri ya Taguaba, Tanzania Publishing House 1973. Baba alikuwa nayo. Na kuna ya zamani zaidi, *Tabibu Asiyependa Utabibu*. Kwa hiyo ShikamooJazba, Wafaransa wa jukwaani wameshaingia nyumbani kwetu zamani, umechelewa kufunga mlango.

ShikamooJazba

😂😂 Haya. Mlango nimeuacha wazi. Ila swali: huyo mtu alikuwa anakula wapi? Maana kikundi cha maigizo hapa kwetu mtakula posho ya semina.

MwalimuWaZamu

Kule baada ya vita ya pili serikali iliamua maigizo yasibaki Paris peke yake, ikaanza kutoa fedha mikoani. Kikundi kinaomba ruzuku wizarani, mkoani, mjini. Ukipewa unapumua mwaka, mwakani unaomba tena. Alikuwa anaandika shajara tangu mwaka 1977, madaftari 23 yalipofika mwisho, na humo pesa hazikosekani: barua haijajibiwa, ukumbi umekubali siku mbili badala ya nne. Mara mstari unaofuata ni filamu aliyoona jana. Kisha nani amefariki. Anaandika yote kwa sauti ileile, na ndicho kinachonitisha.

Nani anapenda hadithi za wasanii wa barabarani? Kuna mchezo wake wa mwaka 1988, *Music-hall*. Mwanamke msanii na vijana wake wawili wanazunguka miji midogo na onyesho lilelile, kila mji ukumbi mbovu kuliko wa jana, na yeye anachodai ni vitu viwili tu: kigoda cha kukalia na mlango kwa nyuma wa kuingilia. Mtu aliyeandika hayo hakuhitaji kwenda kufanya utafiti.

Tuje 1988 sasa. Julai anapima, anaambiwa ana VVU. Ana miaka 31. AZT ipo, lakini wakati ule ni dawa ya kuchelewesha tu. Mwaka 1990 anapata fedha za serikali za kwenda kuandika nje ya nchi, anakwenda Berlin, ukuta umeanguka miezi michache tu nyuma. Huko ndiko anakoandika *Juste la fin du monde*.

Mchezo wenyewe kwa ufupi. Louis, karibu miaka 34, anarudi kwao. Wapo mama, miaka 61. Mdogo wake Antoine, 32. Mke wa Antoine, Catherine. Na kitinda mimba Suzanne, 23, ambaye Louis alimwacha mtoto kabisa. Mwandishi ameandika mwanzoni kwamba mambo yanatokea nyumbani kwa mama, siku ya Jumapili, bila shaka, au pengine katika muda wa karibu mwaka mzima. Soma tena hapo. Jumapili moja au mwaka mzima. Aliyewahi kwenda kusalimia kwao baada ya kupotea sana anajua kuwa hiyo siyo fumbo.

Ugonjwa hautajwi jina hata mara moja. Hakuna tukio. Watu wanaongea. Suzanne analalamika kwamba kaka huyu msomi, kaka mwenye maneno, alikuwa anawatumia kadi za posta zenye mstari mmoja au miwili, ambazo hata mleta barua angeweza kuzisoma njiani. Mama anasimulia matembezi ya Jumapili na gari, zamani, baba alipokuwa hai. Antoine anakasirika, anaambiwa ana hasira, anakasirika zaidi. Jioni Louis anaondoka. Hakusema.

Akaupeleka kwenye kamati za kusoma miswada. Zote zikaukataa. Huo ulikuwa mchezo wake wa kwanza kukataliwa na kila kamati. Akaacha kuandika michezo yake mwenyewe kwa miaka miwili, akabaki anaongoza ya wengine na kufanya kazi za kuagizwa. Hakuuona jukwaani mpaka anakufa.

KageraYaJana

Wengine tulikulia Bukoba miaka ile. Huo ugonjwa tulikuwa tunauita Juliana. Mjomba alirudi kutoka mjini na begi moja na redio. Hakusema. Sisi watoto tulijua, bibi alijua, majirani walijua. Alikaa miezi minne tunaongelea migomba.

MwalimuWaZamu

Pole sana mkuu.

MamaWaLyon

Hodi humu. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, niko Lyon mwaka wa 14 sasa, Kiswahili changu kimechanganyika mtanisamehe. Nimecheka na kustuka kuona huu uzi, kwa sababu binti yangu amesoma kitabu hiki kwa ajili ya mtihani wa Kifaransa wa baccalauréat, ule wa kumaliza sekondari. Wanafunzi wengi hapa wamekisoma. Alikuwa anakitupa juu ya meza: "Mama, hiki kitabu kinaniudhi, kwa nini hasemi tu?"

Nikakichukua nikakisoma usiku, baada ya kazi. Mimi kila Jumapili nampigia mama yangu. Miaka yote hii anaamini niko muuguzi. Mimi nasafisha hospitali, siuguzi mtu. Mwanzoni alisikia vibaya, simu ilikuwa inakatika, mimi sikurudi kusahihisha. Halafu akawaambia kanisani. Basi.

Binti aliniuliza kama nimekielewa. Nikamwambia kidogo.

BintiPangani

Mama, umenikalisha chini.

MwishoWaReli

Mimi naona tofauti kidogo, msinipige. Huyu Louis ana ubinafsi. Kapotea miaka, kaja siku moja, anataka atue mzigo wake kwao aondoke mwepesi. Mzigo umemshinda kuutua, sasa wanaolaumiwa ni wa nyumbani kwamba waliongea sana. Aliyebaki na mama ni nani? Antoine. Anafanya kazi kiwandani, kiwanda kidogo cha vifaa, analea, anatukanwa kuwa mkali. Mimi niko na Antoine.

MwalimuWaZamu

Sikupigi, Lagarce mwenyewe yuko upande wako nusu. Sehemu ya pili ya mchezo karibu yote ni ya Antoine. Wanamwambia amekuwa mkatili, mnyama, ndipo anafunguka kwa maneno marefu kweli. Kwamba tangu utotoni Louis alijipa cheo cha asiyependwa vya kutosha, na yeye Antoine akalelewa kuwa na hatia ya kumpenda kidogo. Asipopata raha anaona haya kulalamika, kwa kuwa mwenye huzuni nyumbani ameshapatikana, nafasi imejaa. Louis anasikiliza. Huyu msomi aliyekuja na hotuba yake anaondoka bila kuitoa, na aliyetoa hotuba ni fundi wa kiwandani. Nikiwa darasani hapo nafunga kitabu kwanza.

Na kuna lile la mtoto. Mwanzoni tu, Catherine anamweleza Louis kwamba mtoto wao wa kiume wamempa jina lake, Louis. Anaeleza kwa adabu, anajiumauma, kwamba jina huenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, na wewe kwa vile huna watoto, yaani hutakuwa nao... Antoine anamkatiza: achana nayo, unamchosha. Na wakati huo mbele yao kuna mtu anayekufa, ambaye jina lake wameshalirithisha bila kujua.

BintiPangani

Hapo Kiswahili kinakuja vizuri kuliko Kifaransa! Kwetu huyo mtoto ni somo yake. Au wajina. Kifaransa wana neno la hilo?

MwalimuWaZamu

Wana *homonyme*, lakini hilo ni la kwenye kamusi, halimkalishi mtu mapajani. Somo ni undugu kabisa.

Na siyo hilo peke yake. Catherine anamwita Louis *vous*, ile "wewe" ya heshima, wengine wote wanaitana *tu*, "wewe" ya waliozoeana. Ndiyo mara ya kwanza anakutana na shemeji yake, hata harusini hakuja. Watafsiri wa Kiingereza hapo wanahangaika, lugha yao imebaki na neno moja. Sisi? "Shemeji." Kwisha. Heshima, umbali na utani ambao bado haujaruhusiwa, vyote ndani ya neno moja. Nimeanza kuutafsiri kidogokidogo, na Catherine ndiye mtu rahisi kuliko wote.

Mgumu ni Louis. Hebu nisaidieni mistari ya mwanzo kabisa. Anasema: baadaye, mwaka uliofuata, *j'allais mourir à mon tour*, nina karibu miaka thelathini na minne sasa, na ni katika umri huu nitakufa, mwaka uliofuata. Hicho kipande cha kati nimeandika "nilikuwa nitakufa na mimi", nikafuta. "Ningekufa na mimi", nikafuta. "Nilikuwa naelekea kufa", nayo inanuka daftari la mwanafunzi.

FundiRedio

Mwalimu, "mwaka uliofuata" kisha "nitakufa"? Si uweke "mwaka ujao" mambo yakae sawa?

MwalimuWaZamu

Yakikaa sawa tumeua mchezo, fundi. Huyu anaongea kutoka wapi? "Uliofuata" ni ya mtu aliyeko mbele anatazama nyuma. "Nitakufa" ni ya mtu aliye hai. Anaongea akiwa pande zote mbili za kaburi. Na wahusika wote ndivyo wanavyoongea, wanabadilisha nyakati katikati ya sentensi. Kwa Kiswahili chetu ni kama mtu aseme: nilikuja, nimekuja, nilisema ningekuja, sikusema nitakuja, nilisema ningekuja. Ukiusoma kimyakimya unachosha. Ukiusikia jukwaani unagundua ni shangazi yako anayeogopa kueleweka vibaya.

BabuWaWete

Assalaam alaykum. Nimesoma yote. Kijana, hicho kipande cha kati: "na mie zamu yangu ilikuwa imefika." Neno kufa usilitie. Atalisema mwenyewe mstari wa chini, umri huu nitakufa. Ukilitia mara mbili unalichakaza.

MwalimuWaZamu

Shikamoo babu. Ila yeye Lagarce kalitia mara mbili.

BabuWaWete

Marahaba. Kalitia kwa Kifaransa.

MwishoWaReli

😂😂😂 Mwalimu kapewa zamu yake.

Sogea_Tukae

Mimi kitabu sikijui ila filamu nimeiona! Xavier Dolan wa Kanada, 2016, ilichukua tuzo kubwa ya pili pale Cannes, Grand Prix. Mama ni Nathalie Baye, Antoine ni Vincent Cassel, na Louis ni Gaspard Ulliel. Nyuso zimejaa skrini nzima mpaka unaona jasho. Ulliel akapata César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, kwa hiyo kazi, halafu Januari 2022 akafa kwa ajali ya kuteleza kwenye theluji, miaka 37. Nilipoirudia baada ya kifo chake sikuimaliza.

MwalimuWaZamu

Kazi ya Dolan naiheshimu, ila mle wanapigiana kelele sana kwa ladha yangu. Kwenye maandishi ugomvi mwingi unaendeshwa kwa adabu, na adabu ndiyo inayoumiza.

Kuhusu adabu: mwaka 1993 aliandika *Les Règles du savoir-vivre dans la société moderne*, kanuni za kuishi na watu. Alichukua kitabu cha adabu cha karne ya 19 cha mwanamke aliyejiita Baronne Staffe, akamweka jukwaani mwanamke mmoja peke yake anayesoma kanuni: uzazi, ubatizo, posa, harusi, hadi matanga. Mwanzo wake ni kwamba mtoto akizaliwa mfu ni lazima kuandikisha kuzaliwa kwake na kufa kwake, na daktari athibitishe kwamba kifo kilitangulia. Inaendelea kwa uso huohuo mkavu mpaka nani akae wapi kwenye karamu. Herbstmeyer ndiye aliyeigiza. Aliyewahi kukaa kamati ya harusi atacheka mpaka ashike ukuta, mpaka ifike sura ya kufiwa.

ShikamooJazba

Kamati ya harusi nimekuwa mweka hazina mara tatu. Hiyo naitaka.

MwalimuWaZamu

Sehemu ya mwisho, kesho nina kipindi cha kwanza.

Mwaka 1992, yeye na Berreur wanaanzisha kampuni ya uchapishaji hapohapo Besançon, *Les Solitaires Intempestifs*, kwa ajili ya maandishi ya jukwaani. Mtu aliyekataliwa na kamati zote anafungua nyumba ya kuchapa wengine. Lile jalada la buluu nililolikuta siku ya mvua ni lao.

Mwaka 1994 anaandika *J'étais dans ma maison et j'attendais que la pluie vienne*, Nilikuwa Nyumbani Kwangu Nikingoja Mvua Inyeshe. Wanawake watano, kuanzia bibi kizee hadi dada mdogo, wamengoja miaka kijana wao aliyefukuzwa na baba. Karudi, kaanguka, kalala chumbani juu, na hatumwoni hata mara moja. Safari hii ni zamu ya waliobaki nyumbani kuongea. MwishoWaReli, huo ni wako.

Kisha anarudi kwenye *Juste la fin du monde*, anaifumua, anaishona upya kubwa zaidi: *Le Pays lointain*, Nchi ya Mbali. Louis yuleyule, familia ileile, lakini sasa kaja na familia yake nyingine, ile aliyojichagulia: rafiki wa siku nyingi, wapenzi wake, maana Lagarce alipenda wanaume na hakulificha, na pia waliokwishakufa, mpenzi marehemu na baba marehemu, wote wamesimama jukwaani na walio hai. Aliumaliza akiwa hoi, wiki chache za mwisho. Wakati huohuo alikuwa na mazoezi ya *Lulu*, mchezo wa Mjerumani Wedekind. Tarehe 30 Septemba 1995 akafariki, Paris, miaka 38, mazoezi hayajaisha. Mwaka uliofuata dawa za mchanganyiko zinazofubaza virusi zikaanza kutumika, na wagonjwa waliokuwa wanaagwa wakaanza kutoka hospitali wakitembea.

*Juste la fin du monde* ilipanda jukwaani mwaka 1999, ikiongozwa na Joël Jouanneau. Mwaka 2008 ikaingia Comédie-Française, ukumbi wa taifa wa maigizo unaoitwa nyumba ya Molière. Leo ni miongoni mwa waandishi wa karne iliyopita wanaochezwa sana Ufaransa, na watoto wamempigia mitihani na kumtupa juu ya meza, kama binti wa mama wa Lyon.

FundiRedio

Mwalimu nitumie PDF.

MwalimuWaZamu

PDF sina, ni kitabu cha watu. Nina daftari langu la tafsiri, kurasa 19, penseli.

Na kabla sijalala, babu wa Wete kama hujalala. Mwisho kabisa Louis anakumbuka usiku mmoja alipotembea peke yake milimani, akafuata reli juu ya daraja refu linalovuka bonde. Akawaza kwamba pale angetakiwa kutoa *un grand et beau cri*, mrefu, wa furaha, usikike bonde zima. Hakuutoa. Anasema ni kusahau kwa namna hiyo atakakokujutia. Hiyo *cri* nimeandika "yowe".

BabuWaWete

Yowe ni la mwizi na moto.

BintiPangani

Kigelegele?

BabuWaWete

Kigelegele kina harusi ndani yake, na huyu yuko peke yake. Andika ukemi. Sisi zamani mtu akiwa ng'ambo ya mkondo anataka chombo, hupiga ukemi. Si kilio, si furaha, ni sauti ya kwamba mie niko huku.

MwalimuWaZamu

Nimefuta. Nimeandika ukemi.